Fungua au Funga

Vijana wangu, siku hizi siwezi kwenda kununua sabuni soko la Kikula, hapa Likasi, bila mtu kunisimamisha: "Papa Oscar, weye ni wa Fungua ao wa Funga?" Wanaouliza wakicheka ni ninyi. Wanaouliza kwa hasira ni mama zenu. Nimeona bora niandike mara moja, kila mtu asome, halafu niachwe ninunue sabuni.

Kwanza kazi yangu, kwa kuwa wengi wenu hamkuiona hata siku moja. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa sufleri wa kundi letu la maigizo, pale ukumbi wa parokia. Sufleri ni mtu anayekaa ndani ya shimo mbele ya jukwaa, amefunikwa kwa kisanduku cha mbao, daftari la mchezo liko magotini, na mwigizaji akisahau maneno, yeye humnong'oneza. Mchana nilifagia ukumbi, nilipanga viti, nilinakili michezo kwa mashine ya kuandika. Lakini hayo yanafanywa na yeyote mwenye mikono. Kunong'oneza ndiko kulikuwa kazi.

Aliyenifundisha ni Papa Anselme, sufleri wa kabla yangu, mzee mfupi ambaye hata nyumbani kwake alikuwa anaongea kwa pumzi tu. Mke wake alikuwa anamjibu kwa kelele, ili majirani wasifikiri anasema peke yake. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: "Mupe kamba, usimupe ndoo." Mwigizaji akikwama, usimpe sentensi nzima. Mpe neno la kwanza, mengine atayavuta mwenyewe. Ukimpa yote, atakutegea sikio mpaka mwisho, na watu wa viti vya mbele watasikia mchezo mara mbili.

Somo la pili: nong'oneza kwa meno, koo liache lipumzike. La tatu: usile karanga siku ya mchezo. Hilo la tatu nililidharau. Siku moja chembe ya karanga ilinikaa kooni wakati mwigizaji wetu mkubwa amesimama juu yangu anangoja neno. Nikakohoa mara tatu. Yeye, mtu mtiifu, akakohoa mara tatu kwa sauti, akashika kifua, ndipo akaanza kuimba. Kesho yake watu walimpongeza mpaka sokoni: alikuwa anacheza dereva wa treni, na wote waliona amejua kuigiza kifua kilichoharibiwa na moshi. Alikuja kuniomba nimkohoze tena Jumapili iliyofuata.

Somo la nne ndilo kubwa. Mwigizaji akinyamaza, kuna kimya cha kusahau na kuna kimya cha moyo. Ukimpa neno mtu aliye kwenye kimya cha moyo, umemwibia. Utajuaje tofauti, na wewe uko shimoni, uso wake huuoni? Papa Anselme alisema: "Angalia vidole vya miguu." Anayesahau hukunja vidole kama anataka kushika sakafu isimkimbie. Mwenye moyo, vidole vyake vimelala. Kwa wenye viatu, angalia kisigino. Ndiyo maana waigizaji wote wa Likasi wa wakati ule niliwajua kwa miguu. Mpaka leo nikikutana na mzee barabarani, kwanza naangalia chini, halafu namwita jina.

Sasa huo mchezo wenyewe. Ulikuwa mchezo wa nyimbo, unaitwa *Mjane wa Mikate*, umetungwa na mwalimu wetu wa kwaya, ambaye sasa ni marehemu. Mama mmoja mjane anaishi karibu na reli, ana tanuri lake, anaoka mikate. Mashinisti, yaani huyo dereva wa treni, anasikia harufu ya mikate, anaanza kusimamisha treni mahali pasipo na kituo. Abiria wanalalamika kwa wimbo. Mkuu wa kituo anamfokea kwa wimbo. Mwisho wa yote mashinisti anakuja kubisha mlangoni kwa mjane na pete mkononi. Hapo mjane anaweka mkono juu ya mlango, anageukia ukumbi na kuuliza: "Wandugu, nimufungulie ao nimufungie?"

Na ukumbi ulikuwa unajibu kweli. Hilo ndilo lililofanya mchezo wetu urudiwe kila mwaka. Wengine wanapiga kelele "Fungua!", wengine "Funga!", na mjane alifuata upande wenye sauti kubwa. Wakisema fungua, bendi inapiga wimbo wa arusi. Wakisema funga, anafunga mlango polepole, anaimba na tanuri lake, na mashinisti anaondoka na treni yake. Nyimbo zote mbili zilikuwa tayari. Mimi nilijua ni ipi kwa mguu wa mjane: akisogeza wa kulia, nafunua ukurasa wa Fungua, wa kushoto, nafunua wa Funga.

Mjane alikuwa Mama Georgette wa mtaa wa Panda. Miaka yote, yeye tu. Sauti yake nisiieleze, maana waliomsikia watasema nimepunguza, na wasiomsikia watasema nimeongeza. Nitawaambia tu jinsi alivyoniokoa mwaka wangu wa pili. Nilikuwa nimekula andazi lenye sukari juu ya daftari, kurasa mbili zikashikana. Mashinisti anaingia kwa mara ya kwanza kununua mkate. Vidole vikakunjika. Alitakiwa kuuliza mkate ni bei gani, mimi nikamnong'oneza neno la ukurasa wa mbele sana, naye akalivuta lote: "Mama, tangu tuachane sijalala!"

Mama Georgette hata hakupepesa jicho. Akamwangalia toka kofia mpaka viatu, akasema: "Tuachane wapi? Minye ninakuona leo! Unataka mukate ao unataka daktari?"

Watu walicheka mpaka viti viwili vikavunjika. Mwalimu wa kwaya aliingiza maneno hayo kwenye daftari, na toka siku ile mchezo ulichezwa hivyo. Vijana, kumbukeni hili katika kazi yoyote mtakayofanya: kosa lako likishikwa na mtu mwenye akili, linaweza kugeuka desturi. Lakini kwanza mtafute huyo mwenye akili, na futa sukari mikononi.

Nilipostaafu, shimo lilifunikwa kwa mbao. Kundi lilishakuwa la wazee. Nilifikiri mambo yamekwisha. Halafu akaja Nadège.

Nadège ni binti wa mpiga tarumbeta wetu. Alikulia hapa, akaenda Lubumbashi kujifunza mambo ya sinema, akarudi mwanamke mzima wa miaka thelathini na kitu, ana kamera na wenzake wawili. Alikuja kwangu na kilo mbili za sukari, akaniita papa, akasema anataka kufanya *Mjane wa Mikate* kuwa filimu. Anaomba niwe mshauri kwa sababu daftari pekee lililobaki liko kwangu. Nilikubali kabla hajamaliza kukaa.

Shida ilianzia kwa Mama Georgette. Ana miaka sitini na minane sasa. Nadège alimweleza kwa heshima zote kwamba kamera inakaribia uso sana, kwamba mjane wa filimu atakuwa msichana anayeitwa Plamedi, mwimbaji wa kanisa la uamsho, na kwamba Mama Georgette amewekewa nafasi ya bibi anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, jirani na mjane.

"Makala?" Mama Georgette aliuliza. "Minye, mujane mwenyewe, niuzishe makala mbele ya mulango yangu?"

Akamsindikiza Nadège mpaka nje, akaapa kwamba hiyo filimu hataiona kwa macho yake. Likasi ikagawanyika kabla picha hata moja haijapigwa.

Kupiga picha kulifanyika Panda, kwenye nyumba moja ya zamani karibu na reli, yenye tanuri la kweli. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe, nikachukua daftari, nikatafuta mahali pa kukaa. Shimo halikuwapo. Nikajibanza nyuma ya gunia la unga. Plamedi akaanza kuimba vizuri, kisha akanyamaza. Alikuwa amevaa viatu vya raba, kisigino sikukiona vizuri. Nikamnong'oneza.

"Simamisha!" Ni Trésor, fundi wa sauti, mtu wa ndevu, akavua vile vidude vya masikioni. "Iko muntu anasemea ndani ya masikio yangu."

Wakarudia. Plamedi akanyamaza tena palepale. Nikajikaza, nikajikaza, lakini meno yangu yana mazoea yao. Trésor akavua tena. Safari hii alikuwa amebadilika rangi. Akamuuliza mwenye nyumba, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu aliyefia mle ndani. Mwenye nyumba akasema ndiyo, shangazi yake. Plamedi akaanza kukemea pepo kwa jina la Yesu, na mimi nyuma ya unga nikasema amina, ili nisijitenge na wengine. Ndipo wakanigundua.

Nadège hakukasirika. Alinishika mkono mpaka kwenye geti. "Papa Oscar, hapa muntu akisahau, tunarudilia tu. Na ile kunyamaza, hakusahau. Nilimuambia anyamaze."

"Ni kimya cha moyo?"

"Eyo, papa. Ya moyo."

Nilirudi nyumbani saa tano asubuhi. Nimefanya kazi miaka ishirini na sita bila kuiba kimya cha mtu hata mmoja, na sasa nimeiba mara mbili ndani ya saa moja. Nilimweleza mke wangu, Mama Véro, nikitegemea pole. Alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. "Sasa unalia nini?" akasema. "Hii njo mara ya kwanza ile tiatre inakurudisha nyumbani wakati chakula ingali moto. Nawa mikono."

Sasa nakuja kwenye dhambi yangu. Someni polepole.

Ilibaki siku moja ya kupiga picha. Kamera ilikuwa inatakiwa Lubumbashi, na Plamedi alikuwa na safari ya kwaya. Mwisho ni mmoja tu unaoweza kupigwa. Nadège alikuja kwangu amechoka, macho mekundu kwa unga na usingizi. "Papa, filimu haiwezi kuuliza bantu. Lazima nichague. Mama Georgette, yeye mwenyewe alikuwa anapenda nini? Fungua ao Funga? Nitafanya vile yeye anapenda. Labda atanisamehe."

Vijana, muelewe hali yangu. Kwa miaka yote ile, ukumbi mzima ulipiga kelele juu ya kichwa changu. Bibi vizee walipiga, watoto wa katekisimu walipiga, padri alipiga. Mtu mmoja tu hakuwa na ruhusa ya kufungua mdomo, naye ni mimi, kwa sababu sufleri hasikiki. Na mimi, tangu mwaka wa kwanza, nilikuwa mtu wa Fungua. Niliupenda wimbo wa arusi. Niliona huyo mashinisti amesimamisha treni mara nyingi sana kwa ajili ya mkate, hastahili kurudi bure. Kila Mama Georgette aliposogeza mguu wa kushoto, mimi nilifunua ukurasa wa Funga na moyo umenyong'onyea.

Nikamjibu Nadège: "Fungua. Aliniambia yeye mwenyewe."

Hakuniambia kamwe. Sikuwahi hata kumuuliza.

Filimu ilionyeshwa ukumbini Jumapili, baada ya misa ya pili. Madirisha yalizibwa kwa vitenge, shuka nyeupe mbili zikashonwa pamoja kuwa pazia la picha, jenereta ikafungwa nyuma ya sakristia ili ingurumie huko. Watu wa Panda walikaa kulia, hasa wastaafu na wake zao. Watu wa Kikula walikaa kushoto, wengi mama wa soko. Hakuna aliyewapanga. Na dakika ya mwisho akaingia Mama Georgette, amevaa kitenge chake kizuri, akakaa mstari wa pili. Mtu akamkumbusha kwamba aliapa. "Niliapa sitaiona," akajibu. "Nimekuja kuisikiliza." Akafumba macho. Baada ya dakika tano jicho moja lilikuwa wazi.

Mimi nilikaa pembeni ya Mama Véro. Mara ya kwanza katika maisha yetu kutazama mchezo huo tukiwa bega kwa bega. Kila baada ya muda mfupi alikuwa ananiuliza, "Kumbe pale walikuwa wanafanya vile?" na mimi namjibu sijui, nilikuwa naona miguu.

Maoni yalianza kabla wimbo wa pili haujaisha. Filimu ilikuwa na treni ya kweli. Kwenye jukwaa treni yetu ilikuwa wanaume wawili, ngoma moja na bati la paa. Vijana wa nyuma walishangilia ile ya kweli. Mzee mmoja wa reli, mstaafu, akasema kwa sauti: "Hii iko kubwa kupita wimbo. Na ile yetu ya bati ilikuwa inafika kwa saa yake." Upande wa kulia wakapiga makofi. Mama mmoja akasema Plamedi ana sauti nzuri lakini hajui kukanda unga, angalieni kiwiko. Mwingine akajibu kwamba yeye hakuja kununua mkate, alikuja kusikiliza wimbo. Watu wa kanisa la Plamedi, ambao walijaza mistari mitatu, walikuwa wanajibu aleluya mwisho wa kila beti, hata pale mkuu wa kituo alipokuwa anatukana.

Kisha ukafika mlango. Uso wa Plamedi ukajaza shuka zote mbili. Akaweka mkono juu ya mbao. "Wandugu, nimufungulie ao nimufungie?"

Ukumbi mzima ukasimama. "Fungua! Funga! Funga! Fungua!" Mama wa Kikula walipanda juu ya viti. Watu wa kanisa la uamsho walikuwa na jibu lao peke yao: "Afungue, lakini kwanza mashinisti aokoke!" Na katikati ya kelele hizo, bila kungoja mtu, Plamedi akafungua mlango, na bendi ikapiga wimbo wa arusi.

Kwanza watu hawakuelewa. Walidhani ni ajali.

"Hakusikia!" akapiga kelele Ya Mado, yaani Dada Mado, mama muuza samaki wa Kikula, sauti yake inafika vituo viwili vya treni. "Tulikuwa wengi! Upande wetu tulikuwa wengi!"

"Mama, ni filimu," akasema Trésor. "Hasikii."

"Kama hasikii, juu ya nini anauliza?"

Hilo swali, vijana, mpaka leo hakuna aliyelijibu.

Trésor alisimamisha picha kwa sababu haikusikika tena. Plamedi akabaki pale, mkubwa kama nyumba, mdomo wazi. Ya Mado alikuwa amefika mbele. "Muke iko na furu yake ya mikate, iko na bakiliya yake ya kununua. Leo analetewa muntu wa kufulia kombinezo ya kazi! Kwa nini? Nani alichagua?" Mstaafu wa reli akamjibu kwamba ndoa ni baraka na kombinezo hufuliwa Jumamosi tu. Mke wake akamgeukia: "Jumamosi tu? Unajua weye?" Upande wa kulia nao ukagawanyika.

Nadège akapanda mbele. "Wazazi, muniwie radhi. Sikuchagua minye. Ni Mama Georgette mwenyewe njo alipenda vile."

Vichwa vyote vikageuka kwenye mstari wa pili. Mama Georgette alifungua macho yote mawili.

"Minye?"

"Papa Oscar alituambia."

Vichwa vyote vikageuka kwangu. Mama Véro, mke wangu wa ndoa, akahamia kiti cha pili.

Nilisimama. Nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya ukumbi ule bila fagio. Nikasema, kwa sauti iliyosikika labda mpaka mstari wa tatu: "Haikuwa Mama Georgette. Ilikuwa minye. Nilisema uongo."

"Sema kwa nguvu!" wakapiga kelele wa nyuma. Nikalazimika kuirudia dhambi yangu mara mbili.

Mama Georgette aliinuka. Alichukua mkoba wake, akatoka. Nadège alikaa chini ya shuka akalia, na Plamedi wa pichani bado mdomo wazi juu ya kichwa chake. Niliona ni mimi niliyelifanya lile, kwa neno moja, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kutoa neno sahihi.

Wiki zilizofuata ziliniumiza na kuchekesha kwa pamoja. Padri alikataza mjadala mbele ya kanisa kwa sababu watu walikuwa wanachelewa kuingia. Kule Mulungwishi, nje ya mji, wakubwa wa shule moja waliomba filimu kwa wanafunzi, kisha wakatuma mtu aulize kwanza inaishaje. Na sokoni Kikula, wale wanaouza filimu kwenye flashi walitoa zao mbili. Moja ni nzima. Nyingine mtu fulani ameikata, ikaishia pale mkono uko juu ya mlango, halafu akabandika mkate unaotoka tanurini. Ukienda, muuzaji anakuuliza tu, kama muuza chumvi: "Ya kufungua ao ya kufunga?" Ya Mado alinunua tano akagawia dada zake.

Mimi nilikaa nyumbani siku kumi. Siku ya kumi na moja Mama Véro alinipa chupa ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, akaniambia nisiirudishe nyumbani ikiwa imejaa. Nikaenda Panda.

Mama Georgette alikuwa uani anachambua sombe, majani ya muhogo. "Karibu, muongo," akasema. Akanisogezea kigoda na nusu ya majani. Nikaanza kuchambua. Hilo nalo lijueni: ukienda kuomba msamaha, omba ukiwa na kazi mikononi. Maneno hutoka vizuri zaidi.

"Juu ya nini ulisema ni minye?"

"Kama ningesema ni minye Oscar, nani angesikiliza? Muntu wa ndani ya shimo. Bantu wote walikuwa wanapiga kelele, minye nanyamaza. Siku ile mutoto ananiuliza, nikaona leo njo zamu yangu."

"Na ukatumia kinywa yangu."

"Eyo, mama. Nisamehe."

Alichambua majani mengine matatu au manne. "Ulikuwa wa Fungua miaka yote?"

"Miaka yote."

"Nilikuwa nasikia. Kila nikisogeza muguu wa kushoto, ulikuwa unapumua kama muntu amefiwa." Akacheka, na mimi nikaanza kupumua.

Ndipo nilimuuliza kile nilichopaswa kumuuliza kabla: yeye mwenyewe alikuwa anapenda mwisho upi.

"Oscar, ule mwisho haikunihusu. Wakisema fungua, naimba ya Fungua. Wakisema funga, naimba ya Funga. Ile ni kazi. Minye nilikuwa napenda pale katikati. Ukumbi wote unapigana juu yangu, na minye nimesimama, mukono juu ya mulango. Hapa nyumbani nilikuwa na batoto saba na bwana wa kazi ya zamu. Nani alikuwa ananiuliza kintu? Ni pale tu. Nilikuwa nawaacha wapige kelele muda murefu. Nilikuwa nishasikia ni wangapi, lakini najifanya sijasikia. Weye hukuona?"

"Niliona vidole tu," nikasema. "Vilikuwa vimelala."

Akanyamaza. Sikumpa neno.

Baadaye akasema: "Ule mutoto anaimba muzuri. Kosa yake moja tu, anafungua mbio. Muntu hata hajameza mate, amekwisha kuolewa."

Siku ileile tulikwenda wote wawili kwa Nadège. Alipomwona Mama Georgette mlangoni alisimama kama mwanafunzi. Mama Georgette hakumpa hotuba. Alimuuliza kama ile mashine ya kuonyesha filimu ina mahali pa kubonyeza isimame. Nadège akasema iko. "Basi," akasema Mama Georgette, "bonyezeni pale ninawaambia." Nadège akaeleza kwamba mwisho hautabadilika hata wakisimamisha, filimu itaendelea na Fungua yake. "Najua, mwanangu. Na ile siombi ubadilishe."

Kwa hiyo Jumapili iliyopita tuliionyesha tena. Ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza, ingawa kila mtu alijua mwisho na nusu yao wanauchukia. Mama Véro alikuwa amerudi kiti cha karibu yangu. Trésor aliweka mashine yake nyuma yetu, kidole tayari.

Plamedi akafika mlangoni, akaweka mkono, akauliza swali lake. Trésor akabonyeza. Picha ikasimama.

Mama Georgette akainuka kutoka mstari wa pili, akaenda mbele, akasimama chini ya uso ule mkubwa wa msichana. Hakuwa na jukwaa wala taa. Aliinua mkono wake ukagusa shuka, pale pale penye mbao za mlango, akatugeukia. "Wandugu," akasema, na sauti ilikuwa ileile, "nimufungulie ao nimufungie?"

Paa lilitikisika. Ya Mado yuko juu ya kiti, mstaafu wa reli amevua koti, mke wake anapiga kelele dhidi yake, watu wa uamsho wanataka mashinisti aokoke, Mama Véro ananipigia "Funga!" ndani ya sikio, mwanamke niliyeishi naye zaidi ya miaka arobaini bila kujua ni wa Funga. Na kwa mara ya kwanza niliuona uso wa Mama Georgette mahali pale. Kidevu juu, macho yanatembea mstari kwa mstari, bila haraka yoyote, kama mtu anayechagua nyanya na ana siku nzima.

Trésor akainama begani kwangu. "Papa Oscar, bantu wamejibu. Niendelee?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia.